Wimbi lisilo na nakala ya kwanza

Ugomvi ulianzia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Binamu yangu aishiye London alituma picha aliyoipiga British Museum: lile wimbi la Kijapani ambalo karibu kila mtu ameshaliona mahali fulani, kwenye fulana ya mtumba, kwenye kikombe, kwenye jalada la daftari. Chini yake akaandika, "Leo nimeiona yenyewe, ya asili." Haikupita nusu saa, shemeji yetu wa Chicago akajibu: "Pole, kaka. Ya asili iko huku kwetu. Nimeiona mwaka juzi kwa macho yangu haya." Akatuma ushahidi. Wakavutana hadi usiku, kila mmoja akiitetea nakala ya mji wake, mpaka shangazi wa Tanga alipoingilia kati: "Kwani huyo bwana alichora ngapi?"

Shangazi alikuwa amegusa penyewe. Jibu ni kwamba hakuchora hata moja kati ya hizo. Karatasi pekee aliyoipitishia brashi yake iliharibiwa kwa makusudi, kabla picha tunayoijua haijapatikana.

Bwana mwenyewe ni Katsushika Hokusai, mzaliwa wa Edo, mji ambao leo unaitwa Tokyo. Alizaliwa mwaka 1760, akafa 1849. Picha inaitwa Kanagawa-oki nami-ura, yaani takriban "ndani ya wimbi, bahari ya Kanagawa", nayo ilitoka karibu mwaka 1831, mwenyewe akiwa na miaka 70 hivi. British Museum ina nakala tatu. Art Institute of Chicago nayo ina tatu, na makumbusho ya Metropolitan ya New York ina nne. Nyingine iko katika nyumba aliyoishi mchoraji Claude Monet kijijini Giverny, Ufaransa. Watafiti wameshazitambua zaidi ya 100 duniani, na zote ni za asili.

Anayeshindwa kuelewa hilo na aache kufikiria picha ya kutundika ukutani, afikirie kanga. Ukifungua robota la kanga dukani, humuulizi muuzaji ni doti ipi iliyo ya asili. Unajua kuna mtu alichora mji na pindo, mwingine akatayarisha vya kuchapia, mwingine akachapa, na mfanyabiashara akatoa fedha akitumaini wanawake watalipenda jina lililoandikwa. Kila doti ni kanga kamili. Na mfano huu sikuutoa mbali: katikati ya karne ya 20, kanga nyingi zilizouzwa pwani yetu zilichapwa huko huko Japani.

Watu wanne na ubao mmoja

Picha ya aina hii ilikuwa na baba wanne, na jina lililobaki kwenye vitabu ni la mmoja tu. Kwa haki, wa kwanza kutajwa angekuwa mwenye mtaji, ambaye Wajapani humwita hanmoto, mchapishaji. Yeye ndiye aliyeamua ni nini kichorwe, akamlipa mchoraji, akanunua mbao na karatasi, akaipeleka kazi ikaguliwe kama sheria ilivyotaka, kisha akaiweka dukani na kungoja. Ikidoda, hasara yake. Wimbi la Hokusai lilitolewa na Nishimuraya Yohachi wa Edo, na bila hesabu zake za biashara tusingekuwa na wimbi la kugombania.

Mchoraji alitoa mchoro wa wino mweusi kwenye karatasi nyembamba sana. Rangi hazikuwamo. Mchoro ukaenda kwa mchongaji, naye akaubandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa mlimani, mti mgumu wenye nyuzi zilizobanana. Akaisugua karatasi kwa nyuma hadi ikabaki utando tu na mistari ikaonekana, tena imegeuka kushoto kulia. Hapo akashika kisu. Aliondoa kila kisichokuwa mstari, akipita kando na kando ya kila unywele wa wino, mpaka mistari ikabaki imesimama kama kuta ndogo juu ya ubao uliochimbwa. Mchoro wa Hokusai ukakatwa pamoja na mbao. Ndiyo maana haupo.

Nadhani hapa ndipo mtu anapoanza kuiona bahari hiyo kwa jicho jingine. Tazama povu la lile wimbi, vile vidole vyeupe vinavyojikunja juu ya mashua. Hakuna rangi nyeupe pale. Ni karatasi tupu. Kila tone la povu ni mahali ambapo mtu aliondoa mti ili wino usifike. Kwa mchoraji wa brashi povu ni kitu cha kuongeza, lakini kwa mchongaji ni kitu cha kupunguza, na kisu kikiteleza hakuna kufuta. Wachongaji walijifunza kazi kwa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kugusa mistari myembamba, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Ubao wa mistari ukishakamilika, zilichapwa karatasi kadhaa za majaribio. Mchoraji alizitia alama moja moja: hapa buluu, hapa kijivu, hapa njano ya mashua. Kwa kila rangi ukachongwa ubao wake, mara nyingi pande zote mbili za ubao zikitumika, kwa kuwa mcheri mzuri ulikuwa ghali. Sasa jiulize: karatasi moja itawekwaje juu ya mbao tano au kumi, moja baada ya nyingine, rangi isitoke nje ya mstari hata kwa upana wa uzi? Dawa yake ni ndogo hata inachekesha. Kila ubao ulichongwa alama mbili mahali pale pale, pembe moja na mstari mmoja, ziitwazo kento. Mchapaji aliegemeza kona ya karatasi kwenye alama ya kwanza na ukingo wake kwenye ya pili, basi. Kwa ufundi huo, kuanzia mwaka 1765 Edo ikawa na picha za rangi nyingi zilizoitwa nishiki-e, picha za hariri iliyofumwa kwa nakshi.

Mchapaji hakuwa na mashine. Alikuwa na brashi, bakuli za rangi iliyoyeyushwa kwa maji, uji wa mchele wa kuishikiza, na kisugulio cha mviringo kiitwacho baren: kamba ya nyuzi za ganda la mwanzi iliyozungushwa kama mkeka na kufungwa ndani ya ganda jingine la mwanzi. Karatasi ilitengenezwa kwa magome ya mti wa jamii ya mforosadi, ikapakwa gundi na shabu ili isinyonye kupita kiasi, na ikalazwa na unyevu. Ilipowekwa juu ya ubao na kusuguliwa kwa uzito wa bega, rangi haikukaa juu yake kama wino wa gazeti. Iliingia ndani ya nyuzi. Ndiyo sababu maji ya picha hizi yanaonekana kama yana mwanga ndani yake, na ndiyo sababu kuitazama kwenye skrini ya simu ni kuipunja.

Kikosi kazi kizuri kiliweza kutoa karatasi 200 hivi kwa siku. Bei? Bakuli moja au mawili ya tambi za mtaani.

Rangi iliyopotea njia

Kabla ya miaka ya 1820 kwisha, bahari ilikuwa kitu kigumu kuchapa, na kikwazo hakikuwa ufundi. Hapakuwa na buluu ya kuaminika. Wachapaji walikuwa na buluu ya maua ya tsuyukusa, nzuri siku ya kwanza, lakini mwanga na unyevu viliila upesi. Walikuwa pia na nili, ile ile ya kutia nguo, imara lakini nzito na isiyong'aa. Ukizitazama picha za pwani za karne ya 18, mara nyingi bahari imefifia kuwa rangi ya chai ya maziwa. Mchoraji hakuitaka hivyo. Ni rangi iliyoondoka.

Karibu mwaka 1706 mtengeneza rangi mmoja mjini Berlin alikuwa akitafuta nyekundu. Malighafi zake zilikuwa zimechafuka, na badala ya nyekundu akapata buluu nzito ambayo haikuwa imewahi kuonekana. Safari ya rangi hiyo hadi Edo ilichukua zaidi ya karne. Japani ilikuwa imefunga milango yake: Waholanzi waliruhusiwa kufanya biashara kwenye kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki, na Wachina nao walikuwa na eneo lao mji huo huo. Kwa muda mrefu buluu ya Berlin iliingia kidogo kidogo, kwa bei ya anasa. Mwishoni mwa miaka ya 1820, kupitia wafanyabiashara wa Kichina, ikaanza kuingia kwa wingi na bei ikaanguka. Wajapani wakaiita bero-ai, nili ya Berlin.

Nishimuraya aliinusa fursa. Tangazo lake la mwanzoni mwa mwaka 1831 lilijulisha umma kwamba Hokusai anatoa mfululizo wa mandhari 36 za mlima Fuji, zilizochapwa kwa buluu, zikionyesha mlima unavyobadilika ukitazamwa kutoka ufuko wa Shichirigahama au kisiwa cha Tsukuda. Likaongeza kwamba huenda mfululizo ukazidi hata picha 100. Haukufika huko, lakini uliuzika hadi zikaongezwa kumi, zikawa 46 chini ya jina lile lile la 36. Ishara ya nyongeza hizo ni rahisi: zile za mwanzo mistari yake ni ya buluu, kumi za baadaye mistari yake ni myeusi. Ladha ya soko ilikuwa imeshapita.

Kwa hiyo lile wimbi ni picha ya mlima. Fuji, wenye mita 3,776, umekaa katikati kwa nyuma, mdogo kama kichuguu chenye theluji, na kwa haraka unaweza kudhani ni wimbi jingine. Udogo huo wa vitu vya mbali Hokusai aliupata kwa kuchungulia picha za Kizungu zilizoingia kupitia Waholanzi. Hii ndiyo picha ambayo dunia nzima huitaja inapotaka kutaja Japani, na buluu yake ni ya Ujerumani, na upeo wake wa macho una damu ya Kiholanzi. Sioni ajabu sana katika hilo. Vitu vya pwani ndivyo vilivyo.

Na wale watu? Wengi huitazama picha miaka yote bila kuwaona. Kuna mashua tatu, aina ya oshiokuri-bune, mashua nyembamba za kasi zilizokuwa zikikimbiza samaki wabichi hadi soko la Edo kabla hawajachina. Mji ule ulikuwa na watu wapatao milioni moja, na matajiri wake walilipa fedha nyingi kwa samaki wa kwanza wa msimu, hivyo makasia hayakungoja bahari itulie. Wapiga makasia wamejikunja juu ya mbao za mashua, vichwa chini, kama mtu anayesubiri jambo limpitie. Si tsunami, ingawa wengi huiita hivyo. Kwenye maji ya kina kirefu tsunami hupita chini ya chombo bila kelele, hujivunja ikifika ufukoni. Hili ni wimbi la bahari iliyochafuka.

Wimbi lenyewe halikumjia siku moja. Karibu mwaka 1803 alikuwa ameshachora mashua chini ya wimbi refu huko Honmoku, na miaka michache baadaye akazichora tena mashua zile zile za samaki katika mawimbi. Ukiziona picha hizo za mwanzo utacheka kidogo. Wimbi ni zito, limesimama kama ukuta wa udongo, povu lake kama pamba. Ilimchukua zaidi ya miaka 25 kulifanya liwe na makucha.

Barabara ya kando ya maji

Hokusai ana wimbi, lakini pwani, kwa maana ya mahali watu wanapoishi, wanapovua, wanapongoja kivuko na kunyeshewa, ni ya Utagawa Hiroshige. Nikilazimishwa kuchagua, sisiti.

Hiroshige alizaliwa Edo mwaka 1797 katika familia ya askari wa zimamoto, akairithi kazi hiyo akiwa bado kijana mdogo. Kilichompa jina ni barabara. Tokaido, "njia ya bahari ya mashariki", iliunganisha Edo na Kyoto kwa kilomita 500 hivi, sehemu kubwa ikiandama pwani, yenye vituo 53 vya kulala na kubadilishia farasi. Mabwana wa majimbo walilazimishwa na serikali kwenda na kurudi Edo na misafara yao mirefu. Watu wa kawaida walihitaji kibali kusafiri, lakini kwenda kuhiji kwenye madhabahu ya Ise kulikuwa sababu isiyokataliwa kirahisi, na mwaka 1830 mamilioni ya watu waliingia barabarani kwa mkupuo kwenda huko. Aliyesafiri alitaka ukumbusho mwepesi wa kubeba, na aliyebaki nyumbani alitaka kuona alichokikosa. Kwa mchapishaji, hao wote ni wateja.

Kati ya 1833 na 1834 Hiroshige alitoa picha 55 za Tokaido: vituo 53, pamoja na daraja la kuanzia na mji wa kumalizia. Kwenye kituo cha Yui, barabara inapanda genge la Satta. Wasafiri wanachungulia kutoka ukingoni, wadogo kama siafu. Chini yao ghuba ya Suruga imetulia, matanga meupe yametawanyika, na Fuji unang'aa ng'ambo. Ukienda leo genge liko pale pale, ila ufukoni chini yake wamebanana barabara kuu, reli na malori.

Usidhani kwamba kila alichokichora alikiona. Kituo cha Kambara alikifunika kwa theluji nzito ya usiku, picha inayopendwa kuliko nyingi, ingawa ukanda ule wa pwani una hali ya joto na theluji ya namna hiyo ni nadra. Mandhari nyingine alizitoa kwenye vitabu vya mwongozo wa safari vilivyotangulia, hasa alipofanya mfululizo wa majimbo yote ya nchi kati ya 1853 na 1856. Mikondo ya Naruto, ambako maji ya mlango wa bahari kati ya visiwa vya Shikoku na Awaji hujizungusha kama sufuria inayokorogwa, aliichora kwa kutegemea vitabu. Wapo wanaokasirika wakisikia hivyo. Lakini mnunuzi wa Edo hakutaka ramani. Alitaka kusikia ubaridi wa Kambara na kizunguzungu cha Naruto, na hivyo alivipata.

Jambo linaloipa bahari ya Hiroshige kina chake ni bokashi, nalo si la mchoraji wala mchongaji. Ni la mchapaji. Ubao wa bahari ni bapa, hauna alama yoyote ya wapi pawe pazito na wapi pafifie. Mchapaji anaulowesha, anaweka rangi upande mmoja, kisha kwa brashi au kitambaa anaivuta hadi inayeyuka na kuwa si kitu. Hapo karatasi inawekwa na kusuguliwa. Ule mstari wa buluu nzito kwenye upeo wa macho, unaopauka kadiri bahari inavyokuja ufukoni, na ule ukanda wa giza juu kabisa ya anga, vyote vimetengenezwa hivyo, upya, kwa kila karatasi. Weka nakala mbili za picha moja pamoja: jioni ya kwanza imeingia zaidi kuliko ya pili. Nakala za mwanzo zina bokashi mbili tatu zilizopangwa kwa uangalifu. Zile za baadaye, picha ikishauzika na mchapishaji akitaka nyingi kwa haraka, mara nyingi zina moja tu, au hazina kabisa, na bahari imekuwa bapa kama sinia.

Kazi kubwa ya mwisho ya Hiroshige ni mfululizo wa mandhari 100 mashuhuri za Edo, ulioanza mwaka 1856, miezi michache baada ya tetemeko lililouangusha mji. Humo pwani inabeba siri za siasa. Meli za kivita za Marekani zilikuwa zimeingia ghuba ya Edo mwaka 1853, na serikali, kwa hofu, ikajenga visiwa vya mizinga baharini mbele ya Shinagawa. Kuchora habari za namna hiyo waziwazi kulikuwa hatari. Hiroshige akachora watu wakitazama maua ya micheri kwenye kilima cha Goten-yama, basi. Ila kilima kina jeraha: upande mmoja umemegwa, umebaki ukuta wa udongo, kwa sababu udongo wake ndio uliojaziwa baharini. Kila mtu wa Edo alielewa. Eneo la visiwa hivyo, Tokyo ya leo, linaitwa Odaiba, jina lililotokana na mizinga hiyo.

Katika mfululizo huo huo kuna kivuko cha Haneda. Mbele kabisa, karibu ya kukugusa, kuna miguu yenye vinyweleo na mikono ya mpiga kasia. Yeye mwenyewe haonekani, na madhabahu ya ufukoni unaiona kwa kuchungulia kati ya viungo vyake, kana kwamba ni wewe uliyeketi ndani ya mtumbwi. Ilitoka 1858, mwaka ambao kipindupindu kiliikumba Edo na Hiroshige akafariki. Haneda ya leo ni uwanja wa ndege.

Ubao unapochoka

Turudi kwa binamu na shemeji, kwa sababu wana hoja moja ambayo hawakuijua. Nakala zote ni za asili, lakini hazilingani. Mcheri ni mgumu, ila si chuma. Baada ya mamia ya kusuguliwa, mistari myembamba huanza kunenepa, kisha hukatika. Kwenye wimbi la Hokusai wataalamu hutazama kijisanduku cha kushoto juu chenye jina la picha: nakala za mapema fremu yake ni nzima, za baadaye ina mapengo. Kwa pengo moja baada ya jingine wanaweza kuzipanga nakala kwa mfuatano wa kuchapwa kwake, kama mtu anayekadiria umri wa kanga kwa kupauka kwake. Anga nayo husema. Mapema kulikuwa na wingu hafifu nyuma ya Fuji na rangi ya waridi kwa mbali, na katika nakala nyingi rangi hizo zimeshapotea. Mwanga unaendelea kuzila, na ndiyo sababu makumbusho huzitoa nje kwa miezi michache tu kisha huzirudisha gizani kwa miaka.

Kuna daraja jingine tena: picha zilizochapwa kwa mbao mpya, zilizochongwa upya na mafundi kwa kufuata nakala ya zamani. Kazi hiyo inaendelea Tokyo hadi leo, kwa mcheri na baren zile zile. Si bandia, mradi muuzaji aseme ukweli. Ila bei zake ni za dunia tofauti: mwaka 1831 picha ilikuwa ya bakuli la tambi, na mwaka 2023 nakala moja ya mapema iliuzwa kwa mnada New York kwa zaidi ya dola milioni 2.7.

Biashara yenyewe ilidhoofika Japani ilipozidi kufungua milango baada ya 1868. Kamera na mashine za kuchapa za Kizungu zilikuwa za haraka na rahisi zaidi. Wakati huo huo picha zilizokuwa zikidharauliwa nyumbani ziliwatia wazimu wachoraji wa Paris, akina Monet na Van Gogh, na mwaka 1905 Claude Debussy aliliweka wimbi la Hokusai kwenye jalada la nota za muziki wake wa bahari. Hayo yameandikwa sana, sina la kuongeza.

Ninalopenda kulieleza zaidi ni uamsho wa karne ya 20. Mchapishaji Watanabe Shozaburo aliwakusanya tena wachoraji, wachongaji na wachapaji, akaufufua mgawanyo ule ule wa kazi kwa picha alizoziita shin-hanga, chapa mpya. Mchoraji wake mkuu wa mandhari, Kawase Hasui, alitembea pwani baada ya pwani na daftari mkononi. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko la Kanto na moto wake viliteketeza duka la Watanabe na mbao zake, na pamoja nazo madaftari 188 ya Hasui. Hasui akafunga safari nyingine, zaidi ya miezi mitatu, akaanza kuchora upya.

Mwenzake, Yoshida Hiroshi, hakutaka kumwachia mchapishaji usukani. Aliajiri mafundi mwenyewe, akawasimamia kila hatua, na picha zilizompendeza akazigonga muhuri wa jizuri, "imechapwa na mwenyewe". Mwaka 1926 alitoa picha za bahari ya ndani ya Seto. Moja, Hikaru umi, bahari inayometa, ina mng'aro wa jua juu ya maji uliotengenezwa kwa alama za patasi ya mviringo. Mtu hupepesa macho akiitazama. Binti mfalme Diana wa Uingereza aliitundika ofisini kwake. Lakini inayolijibu swali la shangazi ni Hansen, mashua za tanga. Mbao za mashua hizo zilichongwa mara moja. Kisha kwa mbao zile zile, akibadilisha rangi tu, Yoshida akachapa asubuhi, adhuhuri inapokaribia, alasiri, ukungu, jioni na usiku. Matanga yamekaa pale pale, kamba hazikusogea hata unywele. Ila katika moja samaki wanaweza kuwa wanaanza kula, na katika nyingine taa imewashwa na sauti zimeshuka. Picha sita, na ukiuliza ipi ni ya kwanza, hata mbao zenyewe haziwezi kukujibu.

Nilipoandika haya kwenye kundi la ukoo, binamu alikaa kimya. Shemeji alituma alama ya kucheka. Shangazi akataka kujua kama ile ya bei ya tambi bado inapatikana.

Inapatikana, kwa namna fulani. Tarehe 3 Julai 2024 Japani ilitoa noti mpya ya yen 1000. Mbele ina sura ya daktari Kitasato Shibasaburo. Nyuma kuna mashua tatu, Fuji mdogo, na wimbi lenye makucha, nakala nyingi kuliko Nishimuraya alivyoweza kuota. Tokyo ya leo, bakuli zuri la rameni linaelea karibu na yen 1000.